Kunyoa Kabla ya Msiba

Watu wa kijiji cha akina Nyamizi, nje ya Bariadi kwenye barabara ya Nkololo, hawakuwahi kuielewa kazi yake, na ukweli ni kwamba hakuna wa kuwalaumu. Mtu amesoma mpaka digrii ya tatu, anaitwa daktari na hajui kuchoma sindano, halafu ukiuliza habari zake unaambiwa yuko Uholanzi kwenye maabara, kwa mkataba wa miaka miwili. Wasichana waliokaa naye dawati moja shule ya msingi walikuwa na watoto wanaoanza sekondari. "Huyu bado tu anasoma?" waliuliza wanawake kisimani, na swali lilikuwa la haki kabisa.

Aliyepaswa kujibu alikuwa baba yake, Mzee Machibya, na jibu lake lilikuwa moja kila siku. "Anafundisha vijidudu kukumbuka," alisema, kama mtu aliyemaliza habari.

Wengine walicheka. Lakini mzee hakuwa amekosea, na wapo maprofesa ambao wangeeleza vibaya kuliko yeye. Nyamizi alikuwa amemweleza mwenyewe mwaka wa tisini na tisa, alipokuja likizo baada ya kumaliza udaktari wake. Walikaa uani wakichambua pamba, akamwambia kuwa ndani ya bakteria kuna jeni, na jeni ni maagizo. Yeye na wenzake walikuwa wanayakata maagizo hayo na kuyaunga upya, mpaka yafanye kazi kama saketi ya redio. Aliziweka jeni mbili zinazochukiana, kila moja ikiiziba nyingine mdomo. Ya kwanza ikitawala, bakteria anabaki gizani. Ukimpa kemikali fulani inayofanana na sukari ya maziwa, ya pili inaamka, inaipindua ya kwanza, na bakteria anang'aa kijani ukimmulika. Kinachoshangaza ni kwamba ukiiondoa ile kemikali, ukimwosha bakteria mpaka asibaki nayo hata chembe, anaendelea kung'aa, yeye na watoto wake na wajukuu wake. Kilichompata kimepita zamani na bado anaishi kana kwamba kipo.

"Na kusahau je?" mzee aliuliza. "Huwezi kumfundisha asahau?"

"Ukimpasha joto anasahau, baba."

"Basi afadhali yeye," mzee alisema, akaendelea na pamba yake.

Alikuwa na yake ya kusahau. Kwa miaka mingi Machibya alikuwa mpimaji wa pamba katika chama cha msingi, mtu wa mizani, mtu anayeamkiwa na kila mkulima. Kila msimu kabla ya kupokea hata kilo moja alitundika kwanza jiwe analolijua uzito, aone mzani unasema kweli, ndipo apime pamba za watu. Serikali ilipofungua soko, yakaja malori ya kampuni binafsi na vijana wenye mizani yao mifukoni, ghala la chama likafungwa kwa kufuli, popo wakahamia. Huko Dar es Salaam nako ajira za chuo zilikuwa zimezibwa kwa sababu serikali inabana matumizi, ndiyo maana Nyamizi, msomi wa kwanza wa kata nzima, alikuwa anahangaika na mikataba mifupi ya Wazungu. Baba na binti walikuwa wametemwa na upepo mmoja, na waliupokea kila mtu kivyake, bila kelele.

Sasa kabla ya kufika kwenye msiba wenyewe, kuna jambo la mama yao ambalo lazima lisemwe.

Mama alifariki Nyamizi akiwa mwaka wa pili Mlimani. Kwetu mtu aliye mbali hapewi habari ya kifo. Anaambiwa mgonjwa hajambo kidogo, njoo umwone, na ukweli anaukuta nyumbani, ambako kuna mikono ya kumshika. Si uongo wa ubaya. Watu wanaogopa usije ukaanguka barabarani peke yako, ukageuza msiba mmoja kuwa miwili. Basi Nyamizi aliambiwa mama ana homa. Alikopa, akanunua dawa, akanunua na maziwa ya kopo na kitenge, akapanda treni. Shangazi yake Felisita alimpokea Mwanza akampikia chai, akamwambia mama anaendelea vizuri. Katekista aliyepanda nao basi alimwambia mama anamsubiri kwa hamu. Alifika nyumbani na maziwa yake ya kopo mkononi akakuta watu wamekaa chini na kaburi limeshapandwa msalaba.

Ile ilimuumiza kuliko kifo chenyewe. Kifo ni cha Mungu, alisema, lakini safari nzima ile nilikuwa napanga nitamlisha nini. Alikwenda kumwuliza baba yake nani aliyeamuru adanganywe. Mzee alisema, "Mimi." Hakuomba radhi, kwa sababu hakuona kosa. Nyamizi naye alijifuta machozi akajiapia kwamba mtu hatamfanyia hivyo tena maisha yake yote.

Hicho ndicho kiapo kilichokuja kumtafuna.

Mwaka wa elfu mbili na moja, msimu wa kununua pamba, kaka yake Mhoja alimpigia kutoka ofisi ya simu ya Bariadi mjini. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu, na simu ya nje ilikuwa jambo la kuvaa viatu. Nyamizi aliitwa kwenye chombo cha ukutani katika korido ya maabara. Alijua kabla hajasikia neno.

"Nyamizi, baba anaumwa," Mhoja alisema. "Hajambo kidogo, lakini anataka akuone. Njoo."

Nikwambie mapema ili tusizungushane: mzee alikuwa hai. Tumbo lilikuwa limejaa maji, hospitali walisema ni ini, wakamrudisha nyumbani na vidonge na maneno mazuri. Alikuwa anakunywa uji, anaongea, anamgombeza kila mtu kuhusu ng'ombe. Mhoja alisema kweli tupu. Bahati mbaya kweli yake ilikuwa imevaa nguo zile zile za uongo wa zamani.

"Amefariki lini, kaka?" Nyamizi aliuliza.

"Nani kafariki? Nimesema anaumwa."

"Na mama mlisema anaumwa."

"Mama ni mama! Nakuambia baba yupo, nimemwacha amekaa nje anaota jua."

"Basi nipe niongee naye."

"Nikupe vipi? Mimi niko mjini, yeye yuko nyumbani, hawezi hata kukaa kwenye baiskeli!"

Nyamizi aliegemea ukuta wa korido. Kila jibu lilikuwa ndilo lile ambalo angepewa kama mzee angekuwa ameshalazwa chini ya mkeka. Nyuma ya Mhoja alimsikia mtu analia, akajua ni Kabula, mke wa kaka yake. Kweli Kabula alikuwa analia, kwa sababu mtu aliye Ulaya anasema mkwe wake amekufa. Nyamizi hakujua hilo. Kwake kilio kile kilimaliza ubishi.

"Kaka, mimi si mtoto," alisema kwa upole. "Mzikeni. Msinisubiri. Mkininyima ukweli safari hii sitawasamehe."

"Nyamizi," Mhoja alisema, "utamzikaje mtu anayeomba chumvi kwenye uji?" Kisha laini ikakatika, au aliikata. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Mtu angeweza kusema, si apige kwa shangazi Felisita? Si apige parokiani? Ndiyo, lakini Felisita ndiye aliyempikia chai ile, na kanisa ndilo lililompa katekista yule. Hakuna mtu hata mmoja kati ya Mwanza na Nkololo ambaye hakuwahi kumdanganya kwa mapenzi. Asubuhi hiyo hiyo maabara alikuwa amesimamisha kipimo kizima kwa sababu hakukuwa na chupa ya kulinganishia, ile unayojua jibu lake kabla ya kuanza, na alimsema mwanafunzi aliyeisahau mpaka yule mtoto wa watu akawa mwekundu. Kwenye habari ya baba yake hakutafuta chupa ya kulinganishia. Alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika hapimi.

Jioni alinunua mkasi na wembe, akajifungia bafuni, akanyoa. Kwetu wafiwa hunyoa nywele msiba unapomalizwa, na yeye hakuwa na mtu wa kumnyoa, basi alijinyoa mwenyewe, akajikata nyuma ya sikio. Alilia hadi akaishiwa sauti. Alimlilia baba yake kwa jina, kwa Kisukuma, katika nyumba ambayo majirani hawasalimiani, na mzee wakati huo alikuwa nyumbani kijijini akilalamika kwamba Kabula anampunguzia ugali.

Kesho yake alirudi kazini na kitambaa kichwani.

Hapa lazima nimtetee, maana kuna waliomhukumu bila kujua kazi ile. Alikuwa amehangaika karibu miaka miwili na bakteria wanaosahau baada ya siku chache. Bakteria ni viumbe wavivu. Saketi ni mzigo kwao, unawalia nguvu bure, na akitokea mmoja aliyeivunja anakua haraka kuliko wenzake, watoto wake wanajaa chungu chote wanamokuzwa, na ukipima unakuta giza. Mara ngapi alikuta giza! Alibadilisha jeni ya kwanza, akaipunguza nguvu ya pili, akaanza tena, na wenzake wenye majina makubwa kule Marekani walikuwa wameshachapisha habari za swichi kama yake, ingawa ya kwao haikuwekwa kwenye jaribio refu namna hii. Wiki ile aliyopigiwa simu, chungu chake cha kioo kilikuwa kinadondoshewa mchuzi mpya wa kuwalisha taratibu upande mmoja na kumwaga wa zamani upande mwingine, na kwa mara ya kwanza bakteria walikuwa wanakumbuka siku baada ya siku. Asubuhi alichota tone, akalipitisha kwenye mashine inayohesabu seli moja moja, na zote zilikuwa kijani. Jioni tena kijani. Ukiondoka siku mbili mrija unaziba, uchafu unaingia, kazi yote imekwenda. Mkataba ulikuwa unaisha, na profesa alikuwa amemwambia wazi kuwa jaribio hili likishika, kuna mkataba mwingine, na likianguka, hakuna.

Kwa hiyo alijiambia maneno ambayo mfiwa yeyote aliye mbali hujiambia. Ameshazikwa. Nikienda leo, nikienda mwezi ujao, kaburi haliondoki. Baba mwenyewe angesema nimalize kazi. Angejua baba yake anaumwa tu, Nyamizi angeacha chungu kile kiharibike na angepanda ndege ya kwanza, na sina shaka hata kidogo juu ya hilo, kwa kuwa alimpenda baba yake kuliko alivyopenda kitu chochote kilichong'aa. Ndiyo maana habari hii inaniuma. Mtu mvivu wa mapenzi asingepata hasara hii.

Kule nyumbani Mhoja hakumwambia baba yake maneno ya "mzikeni." Angeanzaje? Alisema tu Nyamizi ana kazi, anakuja. Lakini Kabula alikuwa ameumia, na aliyeumia huropoka. Siku moja akimpelekea mzee uji alimwambia yote, kwamba binti yako anadhani umekufa na hataki kuambiwa vingine.

Wakadhani atakasirika. Mzee Machibya aliweka kijiko chini, akacheka, kile kicheko cha tumbo lenye maji, cha maumivu. "Ni mimi niliyemharibu," alisema. "Nilimdanganya mara moja, sasa mzani wake wote umepinda. Nifungieni mkokoteni. Nakwenda kuongea naye mwenyewe."

Walimkatalia, akawashinda. Walitandika godoro kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakamlaza, Kabula akamshikia mwavuli, Mhoja akaongoza maksai. Walipitwa na malori ya pamba njia nzima, vumbi likawajaa mpaka kope. Mzee alivaa koti lake la mizani, lile alilokuwa akivaa siku ya kufungua msimu.

Kwenye ofisi ya simu Mhoja alipiga namba, akasikia sauti ya mwanamke akisema Kiingereza. Alijikakamua, "Nyamizi, plizi," na yule mwanamke akasema neno la kumtaka angoje, akaiacha simu wazi. Mhoja akampa baba yake mkono wa simu, akamwambia ongea, anakuja.

Yule mwanamke alikuwa fundi wa maabara, mama wa Kiholanzi wa umri wa kustaafu, mwenye moyo mwepesi. Alikwenda mpaka chumba cha joto, akamkuta Nyamizi amejifunga barakoa, mikono miwili imeshika mrija uliofunguliwa. "Simu ya kwenu," alisema.

Nyamizi hakugeuka. Alijua ni watu wa kubembeleza, wa kuendelea na mchezo mpaka afike. "Mwambie ujumbe nimeupata," alisema. "Mwambie nakuja nikimaliza."

Baadaye yule mama alirudi na uso uliobadilika. Alisema alipochukua tena simu alimkuta mzee anaongea. Alitaka kumkatiza, akashindwa. "Alikuwa anaongea kwa utaratibu sana," alisema. "Kama mtu anayeaga. Sikuelewa neno, lakini sikuwa na moyo wa kukata."

"Ni baba yangu mdogo," Nyamizi alisema. "Wanamtuma anifariji." Akafunga mrija wake vizuri, akachota tone, na lilikuwa kijani.

Jaribio lilishika. Profesa alimpa mkono mbele ya watu wote, wakala keki, na ile picha ya mistari iliyopanda bila kuanguka ikabandikwa ukutani. Ndipo Nyamizi alipokata tiketi. Safari hii hakununua dawa wala maziwa ya kopo. Alinunua shada la maua ya plastiki na saruji aliagiza Mwanza, ya kujengea kaburi. Kwenye basi, walipopita Lamadi na harufu ya samaki ikaingia madirishani, alijisikia ametulia. Alikuwa anajua anachokwenda kukikuta. Hakuna atakayemwona anaanguka.

Alishuka barabarani akaingia uani kwa miguu. Watu walikuwa wengi kuliko alivyotarajia. Jambo la kwanza aliloliona ni kichwa cha Mhoja.

Kilikuwa kimenyolewa siku ile ile. Kilikuwa kinang'aa mafuta, chenye alama ya wembe. Akamtazama Kabula, naye amenyolewa, na watoto wao, na baba mdogo. Nywele zilikuwa bado chini, karibu na kinu, hazijafagiliwa. Alinyanyua mkono akagusa kichwa chake mwenyewe chini ya kitambaa, nywele zilikuwa zimeshaota za kushikika. Pale pale, bila mtu kufungua mdomo, alielewa. Yule aliyejiapia hataanguka alianguka na maua yake ya plastiki mkononi, na sauti aliyoitoa iliwafanya hata waliokuja kumsema wanyamaze.

Kabula ndiye aliyemnyanyua. Kitambaa kilikuwa kimevuka, akaziona nywele. "Wifi," alimnong'oneza, "hizi ulinyoa lini?" Kabula aliyekuwa amejiandaa kumchukia alimfunika tena kichwa haraka, kabla wazee hawajaona. Kumnyolea mtu aliye hai ni kitu kisichotamkwa.

Mhoja hakumsogelea mpaka wageni walipokwisha kula na kutawanyika. Alikaa naye karibu na zizi, jua bado kali. Alikuwa amepanga maneno mengi makali, na inaelekea alikuwa na haki nayo, lakini alipomwona dada yake alivyokauka yalimwisha.

"Hakukukasirikia," alisema.

"Alijua nilivyosema?"

"Kabula alimwambia. Ndiyo maana alikwenda mjini kukupigia. Kwa mkokoteni, na ile hali yake."

Nyamizi alimtazama. "Kupiga? Yule aliyepiga—"

"Ni yeye."

Alijishika mdomo. Mhoja aliendelea, akitazama ng'ombe, maana kuna mambo hayasemwi huku mnatazamana. "Alikuamkia kwanza, 'Mwadila.' Akangoja. Akasema, ni mimi Machibya, sijafa. Akasema kwa mama yako nilikosa, nilidhani nakuhurumia, nisamehe. Akasema usiharakishe, maliza kazi yako kwanza, mimi nitakungoja. Hayo nimeyasikia kwa masikio yangu."

"Na mengine?"

"Mengine sijui. Maksai walishtuliwa na lori la pamba, nikatoka mbio kuwashika, Kabula naye akanifuata. Niliporudi bado anaongea. Nikachukua simu nikuage, nikasikia yule mama Mzungu anasema, sori, sori."

"Ukamwambia baba?"

Mhoja alichora chini kwa kijiti. "Alikuwa amefurahi, Nyamizi. Njia nzima anasema, nimeongea na mwanangu, amenyamaza kwa adabu, amenisikiliza mpaka mwisho. Nimwambie nini? Nilisema ndiyo, amekusikia. Baada ya siku ile hakuuliza tena utakuja lini. Alisema alishakuambia usiharakishe." Akakitupa kijiti. "Tumemzika wiki hii. Tulikupigia, wakasema umesafiri."

Nyamizi aliomba arudiwe maneno yale, kwa Kisukuma kile kile cha mzee, na Mhoja akayarudia. Akaomba tena. Mara ya tatu Mhoja alilia, akashindwa.

Alikaa nyumbani mpaka kaburi likajengwa, kisha akarudi Uholanzi kwa kuwa mkataba mpya ulikuwa umeshasainiwa na kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda. Siku ya kwanza kazini hakuingia chumba cha joto. Alikwenda moja kwa moja kwa yule fundi, akamkalisha, akamwambia mzee wa kwenye simu alikuwa nani. Yule mama alijifunika uso.

"Uliyasikia yote," Nyamizi alisema. "Hakuna mwingine aliyeyasikia. Kumbuka chochote, hata kama hukuelewa. Hata sauti tu."

Yule mama alifumba macho akajaribu kwa bidii. Alitikisa kichwa. Ilikuwa lugha ngeni, ilikuwa zamani kidogo, imekwenda yote. Kisha akasema kuna kitu kimoja, kwa sababu mzee alikirudia rudia, kila baada ya maneno machache, na mwishoni alikisema peke yake. Alikitamka vibaya, kwa mdomo wa Kiholanzi. Mayu. Mayu.

"Ni nini?" aliuliza.

Nyamizi alimwambia ni mama, na kwamba Msukuma akimpenda binti yake humwita hivyo. Akamshika yule mwanamke mikono yote miwili, akamwomba aseme tena, polepole, namna ile ile mzee alivyosema.